Vita ya Dunia kwenye Barza ya Préfet

Jumamosi, 1 Machi 1975

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tumefyeka nyasi za barabara mpaka mgongo ukalia. Mchana Citoyen Préfet, mkuu wa shule yetu, akaniita nyumbani kwake. Nikafikiri: ananipa nyumba! Nikavaa abacost, koti la heshima lisilo na tai. Wapi. Ni mchezo.

Niandike kwa mpango. Mimi ni Ngoie, karani wa shule, bwana wa mashine ya kuandika, ingawa herufi "e" inaruka. Ézéchiel, jina langu la ubatizo, ni la nyumbani tu siku hizi. Serikali haitaki tena majina ya Biblia. Naandika Kiswahili cha kitabu kama tulivyofundishwa misioni. Hiki cha "iko", na cha "njo" badala ya "ndiyo", nawaachia watu wa soko.

Mademoiselle, yule bibi Mzungu wa misioni, amerudi kwao moja kwa moja. Ameacha vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba yake ya matofali, vyumba vitatu, malata mapya, yaani mabati, haivuji hata tone. Cha pili ni mchezo ndani ya sanduku: ramani ya dunia nzima, askari wa mbao wa rangi nne, meli, vifaru, na dadu za kurusha, tunaziita dé. Unaitwa Vita ya Dunia. Mchezo ameuchukua Préfet. Nyumba ataigawa kabla ya Pasaka, kwa mtumishi wa shule mwenye familia.

Mezani tuko wanne. Préfet Mwanza mwenyewe, Amerika. Adjudant Bokungu wa Base, kambi ya jeshi, rafiki yake, Uingereza. Mbuyi, mwalimu wa jiografia, Urusi. Mimi nimepewa Ujerumani. Nikauliza kama naweza kubadilisha. Hapana.

Mbuyi naye anaitaka nyumba. Hajatamka neno, lakini amemletea Préfet karanga za kukaanga. Mtu haleti karanga bure.

Jumapili, 2 Machi

Kanisa. Mahubiri marefu, mada uvumilivu.

Nyumba yetu inavuja kila mahali isipokuwa kona moja, na kona hiyo wanalala watoto, Tamar na Noé. Mimi na mke wangu tunahamisha kitanda kufuata hali ya hewa. Leo nimepanda juu, nimeziba matundu kwa mpira wa baiskeli. Mengine yamezaliwa pembeni pale nilipopiga goti.

Mke wangu Ève ni mtu wa Kinkondja, binti wa wavuvi wa ziwani. Maneno yake machache. Leo alikuwa akikoroga sombe, majani ya muhogo, akaniambia bila kugeuka: "Baba Tamar, Pasaka ikitukuta mu hii nyumba, minyi nitarudia kwa baba. Kule nyumba iko ya majani, lakini haivuye."

Nikamwambia nyumba ya Mademoiselle ni kama yetu tayari. Akauliza kama nimemwomba Préfet. Nikacheka. Nikamweleza kwamba mtu mwenye akili haombi. Anayeomba anaonyesha njaa yake. Mwenye akili anapanga, na kitu kinamjia chenyewe. Ève akarudi kwa sombe yake.

Mpango wangu: Préfet ashinde vita kwa msaada wangu. Asijue kwamba ni msaada wangu, lakini akumbuke. Hapo pagumu kidogo. Nitaparekebisha.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya masomo, barza ya Préfet, chai. Kwanza sheria. Kitabu cha sheria kimeandikwa Kiingereza, na Mbuyi anasema anakisoma. Kila ubishi ukitokea anakifungua, analamba kidole, anatikisa kichwa kwa huzuni, na sheria inaangukia upande wa Urusi. Nikamtaka asome kwa sauti. Akasoma. Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo akaaminiwa.

Halafu mpango. Nikaziacha meli zangu zote baharini bila ulinzi, mbele ya pua ya Amerika. Préfet akazizamisha. Nikapiga makofi, nikasema huo ni mkono wa jemadari. Préfet akaweka kikombe chini. Akasema yeye alicheza dame, mchezo wa kete, na baba yake tangu hajaota meno ya pili, na baba yake hakumwachia ushindi hata siku moja. Akasema hakuniita hapa nimbembeleze.

Adjudant akaongeza kwamba jeshini mtu anayeacha meli namna ile anapelekwa mahakamani. Alisema hivyo akiniangalia mimi, si meli.

Mbuyi akamwaga karanga zaidi kwenye sahani.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kitanda kimeenda mlangoni. Ève ameuliza kama nimemwomba Préfet. Nimemjibu kwamba vita haishindwi kwa siku moja. Akasema yeye haulizi habari za vita.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Au karibu.

Leo nimegundua kitu ambacho wenzangu wote wanakijua na hakuna anayekitumia. Katikati ya Afrika, Préfet amebandika kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono wake: ZAÏRE. Chini yake kuna jina la zamani, la wakati wa Wabelgiji, na hakuna anayetaka kuliona. Hakuna pia aliyetia askari hapo. Nimechunguza. Mkono wa Mbuyi unashuka na Warusi wake, unafika Sudani, unakumbuka kitu, unazunguka kwa njia ya bahari mpaka Angola. Préfet vilevile. Sababu ni Adjudant. Anakaa pale na magwanda yake, kofia juu ya goti. Nani atarusha dé kuishambulia Zaïre mbele ya mwanajeshi wa Zaïre? Na kesho yake utamweleza nani kwamba ulikuwa mchezo?

Basi nikaliingiza jeshi langu lote ndani ya Zaïre. Palikuwa patupu, sikupigana na mtu. Zamu ikazunguka. Amerika ikapita mbali. Urusi ikapita mbali zaidi. Hata dé zilikuwa kama zinaogopa.

Nikala karanga za Mbuyi. Tamu sana.

Nyumbani nimerudi nikiimba wimbo wa kanisa. Nikamwambia Ève tumeishika Zaïre. Akauliza kama Zaïre ya kule ina malata.

Jumatano, 12 Machi

Mbuyi ni nyoka. Naandika hivyo bila hasira.

Tulikuwa tunacheza vizuri. Mimi nimekaa Zaïre, mnene, nangoja wengine waumizane. Mbuyi akamgeukia Adjudant kwa sauti ya mwalimu wa watoto wa Jumapili. Akasema yeye anataka tu kuelewa, kwa ajili ya somo lake la jiografia, ni taifa gani lile linalokaa Zaïre kwa sasa.

Adjudant akaangalia ramani. Ni mtu wa mkoa wa Équateur, mkubwa, haraka hana. Akaangalia rangi ya askari wangu. Akaniangalia.

"Citoyen Ngoie. Weye uko nani mu hii mchezo?"

Nikajibu kwamba ni Ujerumani.

"Na Allemand eko nafanya nini mu Zaïre?"

Préfet akaacha kunywa chai. Nikasema ni coopération. Ni wataalamu, wamekuja kusaidia. Adjudant akauliza, na vifaru? Nikasema vinaonekana kama vifaru kwa sababu vimechongwa vidogo, lakini kwa kweli ni trakta. Akauliza trakta yenye mzinga inalima nini. Nikasema mihogo.

Adjudant akavaa kofia. Mtu akivaa kofia kwenye barza ya mwenzake, mambo yameharibika. Akasema Jumamosi akirudi asikute Mjerumani hata mmoja mahali pale. Préfet hakuniangalia mpaka mwisho. Wakati wa kuondoka Mbuyi akasema polepole, "Mchimba kisima..." na hakumalizia. Mwalimu wa jiografia, na methali nazo anazo.

Nimekosa usingizi. Kama Préfet anafikiri mimi si mzalendo, nyumba imekwenda. Na kama nyumba imekwenda, Ève naye atakwenda. Naogopa. Nimeandika. Sasa mpango.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango wa ajabu. Sijui akili hii ninaitoa wapi.

Kabla hatujakaa nikasimama, nikafungua karatasi, nikasoma hotuba. Nimeipiga kwa mashine ya shule. Herufi "e" imeruka, lakini neno "uhuru" halina "e". Nikatangaza kwamba Ujerumani, kwa moyo wake wote, inaondoka Zaïre leo, na nusu ya jeshi lake inawaachia wananchi kama zawadi. Nikawahamishia Sahara waliobaki. Adjudant akasimama mpaka mwisho wa hotuba, mkono kwenye mshono wa suruali. Préfet akasema, "Vizuri, Ngoie." Ndiyo maneno yake. Vizuri, Ngoie!

Likabaki swali moja. Nchi huru haiwezi kukaa bila mwenyewe, akasema Préfet, na mmoja wetu akiishika, yatarudi yale yale. Nyuma ya nyumba Ève alikuwa akimsaidia Maman Émerence, mke wa Préfet, kutwanga sombe. Wakamwita. Mke wangu kushika Zaïre! Jeshi lile lile litarudi kwangu kwa mlango wa nyuma!

Ève akanawa mikono, akaketi, akaeleweshwa mchezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Kwangu hapana vita. Mwenye kupita, alombe njia."

Adjudant akacheka. Sijawahi kumwona akicheka. "Njo vile," akasema. "Njo heshima."

Kweli, kwetu ndiyo heshima. Mgeni hainuki tu akaenda zake. Anasema "nalomba njia", mwenye nyumba anamjibu "njia iko", ndipo anaondoka kwa amani. Na njia ikishatolewa imetolewa. Hakuna wa kumkimbilia mtu nyuma na kumwuliza anakwenda wapi. Sasa imekuwa sheria ya Vita ya Dunia. Mbuyi alikifungua kitabu chake cha Kiingereza, akakifunga tena.

Wakaanza kuomba njia. Préfet aliomba, akapewa. Adjudant aliinamisha kichwa kabisa kama yuko mlangoni kwa wakwe, akapewa. Mbuyi aliomba akaongeza karanga, akapewa. Zamu yangu ikafika, nikawasukuma tu askari wangu kutoka Sahara waingie. Ève akawarudisha kwa kidole kimoja.

Akasema sijalomba. Nikamnong'oneza kwamba mimi ni mume wake. Akasema nyumbani ndiyo, hapa niko Allemand.

Sikuomba. Mtu na mke wake! Jeshi langu limelala Sahara bila maji. Siyo kitu. Ni mbinu tu ya Ève, anaficha urafiki wetu mbele ya Mbuyi. Tukiwa njiani nikamsifu kwa ujanja ule. Akaongeza mwendo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya hasira. Leo imegundua hata kona ya watoto, kidogo, upande wa miguu. Noé anakohoa. Ève amekaa naye mapajani mpaka ilipoisha.

Ameuliza tena kama nimemwomba Préfet. Nikamweleza hali ilivyo: Préfet amesema "Vizuri, Ngoie". Mtu aliyesema "Vizuri, Ngoie" hawezi kumpa mwingine nyumba. Kuomba sasa ni kuharibu. Ève akasema Mbuyi alionekana akiongea na Préfet mbele ya ofisi, kofia mkononi. Nikasema acha aongee. Maneno ni maneno tu.

Alhamisi, 20 Machi

Ève amefua nguo zote za watoto. Amezikunja, amezifunga ndani ya kikwembe, kitenge chake. Sufuria ndogo ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Nimefurahi sana. Anajitayarisha kuhamia kwa Mademoiselle. Hatimaye ana imani na mume wake.

Nimemwambia asifunge sufuria kubwa, itabebwa siku ile ile. Akasema kubwa anaiacha.

Jumamosi, 22 Machi

Siku kubwa. Nimeiteka Moscou!

Nieleze. Leo dé zilinipenda. Nilitoka Sahara kwa upande wa juu, nikavuka bahari, nikapanda mpaka nyumbani kwa Mbuyi, na alipolamba kidole kutafuta sheria, Préfet akamwambia aache, apigane kiume. Sita. Sita. Tano. Jasho la Mbuyi lilikuwa linadondoka juu ya Siberia. Nilikuwa nimeinama, dé mkononi, sisikii kitu cha dunia hii.

Katikati ya hapo Ève akaja. Leo hakukaa mezani. Alisimama kwenye ngazi ya barza, kikwembe kipya, Noé mgongoni, Tamar pembeni na kikapu. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja. Halafu akasema: "Baba Tamar. Nalomba njia."

Nikafurahi jinsi gani! Zaïre inataka kupita kwangu Sahara, na safari hii ni yeye anayeniomba mimi! Mbele ya watu! Nilitaka wote wasikie mume anavyojibu.

"Njia iko," nikasema, macho kwenye dé. "Pita na bantu yako yote."

(Kiswahili cha kitabu kilinitoroka. Ni furaha.)

Préfet akaniuliza kama nimesikia vizuri nilichoombwa. Nikasema nimesikia, na wapite wote, mkubwa na mdogo, mimi si mtu wa roho ndogo. Adjudant alivua kofia. Ève akasema aksanti, akashuka ngazi. Tamar alinipungia mkono. Nikarusha: sita!

Baadaye, tulipokuwa tunarudisha vitu ndani ya sanduku, Préfet akasema mimi ni mwepesi wa kutoa njia kuliko alivyofikiri. Nikashukuru. Hata Mbuyi hakuchokoza. Aliniangalia kwa macho fulani ya upole. Kushindwa kunafundisha watu adabu.

Nimefika nyumbani na habari ya Moscou. Hakuna mtu. Bukari, ugali wetu, iko mezani, imefunikwa sahani, bado vuguvugu. Nafikiri wamekwenda kwenye maombi.

Jumapili, 23 Machi

Hawakwenda kwenye maombi.

Jirani amenieleza kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole ya msiba. Ève na watoto walipanda kamion, lori la Likoke, yule dereva anayeleta samaki wakavu kutoka Kinkondja na kurudi na chumvi na sabuni. Walikaa mbele, mahali pazuri. Likoke ni mtu wa kijiji chao.

Baada ya kanisa nikaenda kwa Préfet, kushtaki kwamba mke wangu ametoroka. Adjudant naye alikuwapo. Préfet akaniuliza, ametoroka vipi? Akasema mwanamke alisimama mbele yao watatu, akaomba njia, nami nikampa. Akayarudia maneno yangu yote, mpaka ile "bantu yako yote". Nikasema nilifikiri ni mchezo. Adjudant akaniuliza kama Allemand wa mchezo huwa anaitwa Baba Tamar.

Akasema, bila ubaya wowote, kwamba njia ikitolewa mbele ya mashahidi hairudishwi. Aliyetoka kwa njia si mtoro. Akitakiwa arudi, anafuatwa, na anaombwa.

Nimerudi nyumbani. Nimeona uchungu. Naandika mara moja tu, yatosha. Sufuria kubwa imekaa pale jikoni peke yake.

Jumatano, 26 Machi

Bukari yangu imeungua. Nimekula ya katikati.

Nimefikiri sana juu ya kosa langu. Nimelipata: sikupaswa kutoka Sahara kwa upande wa juu. Ningetoka kwa upande wa Misri, zamu ile ingekuwa fupi, na ningekuwa nimeinua kichwa alipofika.

Jumamosi, 29 Machi

Kesho Pasaka. Leo Préfet ametangaza nyumba. Mbuyi.

Nilibaki nyuma wengine walipoondoka. Nikamwambia Préfet, kwa heshima, kwamba nyumba ilikuwa ya mwenye familia. Akasema ndiyo, na Mbuyi ameleta mke wake na watoto kutoka Kaniama juma hili, na wengine wanalala kwa watu. Nikasema na mimi nina familia. Akauliza iko wapi.

Préfet akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nilidhani atanifokea. Afadhali angenifokea.

"Ngoie," akasema, "Mbuyi alinilomba siku ya kwanza, mbele sanduku haijafunguliwa. Weye nilikungoja. Kila mchezo nilikuwa nasema, leo Ngoie atanilomba. Mutu akikuwa na shida, si anasema?"

Nikamwuliza kama ningeomba, angenipa. Akasema angalau angekuwa na watu wawili wa kuchagua.

Nimetembea mpaka kwenye reli na kurudi. Sasa naona wazi mahali niliposhindwa. Karanga. Mbuyi alileta karanga kutoka siku ya kwanza, na mimi nikazila.

Jumanne, 1 Aprili

Mbuyi amekuja ofisini nikipiga barua. Nikakaza uso. Akasema habari za Ève zimemsikitisha, na swali lake lile la Zaïre lilikuwa utani tu, hakujua litafika mbali. Akasema nyumba aliyokuwa anakaa yeye inabaki wazi. Ni ndogo, ya majani, lakini ameiezeka upya mwaka jana na haivuji. Préfet bado hajampa mtu. Nikimwomba leo, kesho nahamia.

Nimemshukuru. Alipotoka nimecheka mpaka mashine ikatikisika. Mtego! Anataka niende kwa Préfet na mikono wazi, nionekane mwenye njaa. Mimi? Sijibu shambulio mahali ambapo adui amechagua.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekutana na Likoke sokoni, anapakia sabuni. Amenipa samaki mkavu mmoja mkubwa, amefungwa kwa jani, na ujumbe. Noé hakohoi tena. Tamar anaulizia sufuria kubwa. Na Ève amesema hivi, neno kwa neno, Likoke aliurudia ujumbe mara mbili ili nisikosee: "Mwambie Baba Tamar, njia ya kurudia iko. Akuye ailombe. Na nyumba pia, ailombe."

Likoke akasema kesho asubuhi anaondoka, na pale mbele kuna nafasi ya mtu. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Adui anayefungua njia namna hii ana jeshi limejificha nyuma yake. Nikienda Kinkondja nitakalishwa mbele ya baba mkwe na kaka zake wote, nitatakiwa kufungua mdomo na kusema neno lile. Hapana. Kuna njia ya pembeni. Nitanyamaza. Ève ataona nanyamaza, ataogopa, atarudi mwenyewe akidhani ni wazo lake. Na nyumba ya majani ya Mbuyi itakaa wazi, mpaka Préfet aone aibu, aniite. Yote mawili yanakuja yenyewe. Ni suala la kungoja.

Halafu kesho ni Jumamosi. Mchana tunaanza vita mpya kwa Préfet. Nimekwisha kumwambia nataka Japani. Kisiwa. Hakuna jirani, hakuna wa kumwomba njia.

Mvua inanyesha. Kitanda nimekihamishia kwenye kona ya watoto. Kinaenea vizuri kabisa sasa. Pakavu. Sikupigana na mtu.